Vitu Tulivyoweka Juu

Hapa mjini Kasongo hakuna mtu anayesema "wingu" akizungumzia kompyuta. Wateja wangu husema "juu". Mtu anatoka safari na cheti chake cha shule kimelowa jasho, anakiweka mezani, ananiambia, "Uniwekee hii kule juu, isipotee tena." Na kidole anakielekeza kwenye bati la kibanda changu. Mwanzoni nilikuwa nawasahihisha. Nilieleza kwamba si juu, ni ndani ya mashine kubwa zilizo nchi za mbali. Walinisikiliza kwa adabu, kisha wakaendelea kusema juu. Nikachoka nao, na siku hizi hata mimi nasema hivyohivyo.

Kazi yangu ni sekretaria: kupiga chapa barua, kutoa fotokopi, kupiga picha za vitambulisho, kuchaji simu za watu. Nilirithi mashine ya kuandikia ya baba yangu, ile ya kugonga kwa vidole mpaka kucha zinauma. Ikaja kompyuta, zikaja flashi, na flashi zikaja na virusi. Kisha nikanunua diski kubwa ya kuhifadhia, nikajiona nimefika. Siku moja umeme wa jenereta uliruka, diski ikafa, ikafa na picha za harusi za nusu ya mtaa wetu. Mzee mmoja aliyekuwa ameniachia nakala ya karatasi ya shamba lake alikaa kwenye benchi langu tangu asubuhi mpaka adhuhuri, hasemi neno. Afadhali angenitukana.

Aliyetutoa kwenye aibu ile ni mke wangu. Alikuwa anafanya kazi pamoja nami, na kusema kweli alikuwa ananishinda. Mwalimu mmoja alipita Kasongo kufundisha wafanyabiashara kwa siku tatu. Alisema kazi ya kesho haitakaa ndani ya sanduku mezani, kwamba mwenye mchele Kabambare na mwenziwe aliye Bujumbura watasoma karatasi moja kwa saa moja, bila mtu kupanda pikipiki. Mimi niliinua mkono nikamuuliza kama hiyo kesho itakuja na umeme. Watu wakacheka. Mke wangu hakucheka; alikuwa anaandika.

Basi tukaanza kuweka vitu juu. Walikuja wenye mchele na mawese, wakaja wanunuzi wa dhahabu wa Salamabila ambao hawataki kubeba karatasi njiani, wakaja akina mama wa Nyangwe na daftari la chama chao cha samaki. Shida ilikuwa namba za simu. Mahali hapa mtu anabadilisha namba mara nyingi kuliko shati. Mtandao unaoshika Kasongo haushiki machimboni, kwa hiyo mtu anakwenda na namba moja anarudi na ya tatu. Ukimfungulia akaunti kwa namba yake, baada ya miezi michache mlango unamkataa, kwa sababu ile namba ya siri ya kufungulia inatumwa kwenye simu ambayo hana tena.

Tukatafuta njia yetu. Vitu vya wateja wote tuliviweka kwenye akaunti moja ya duka, kila mtu na folda yake, na mlinzi wa akaunti ikawa namba moja isiyobadilika, namba ya mke wangu. Aliipata kabla sijamuoa na hakuitupa hata siku moja. Wenye sekretaria wenzangu nao walifanya hivyo, kila mmoja na mtu wake wa kuaminika. Ukitazama sasa unaona ni wazimu, vyeti na hati za mji mzima kutundikwa kwenye simu ya mwanamke mmoja. Wakati ule tuliona ni akili.

Kati ya folda zile kulikuwa na moja iliyoitwa Nyumbani. Humo mke wangu aliweka sauti yake. Simu nzuri pale dukani ilikuwa moja tu, yake, na alipenda kurekodi. Alirekodi akipepeta mchele na kumsimulia binti yetu hadithi za kwao Kabambare. Alirekodi wimbo wa Kibangubangu ambao bibi yake alimwimbia. Alirekodi hata akinigombeza mimi, ili, alisema, siku moja nisikie mwenyewe ninavyokera. Alikuwa akiniita nisikilize, nami ninajibu, "Baadaye, niko na mteja."

Alikufa kwa ugonjwa wa siku nne, mvua zilipoanza. Binti yetu alikuwa na miaka mitatu. Sina zaidi la kusema juu ya siku zile nne. Nimejaribu mara nyingi kuziandika na kila mara nimechana karatasi.

Siku ya arobaini, baada ya hitima, shangazi wa mke wangu alikuja kutoka Kabambare kugawa vitu. Ndiyo desturi. Vitu vya marehemu vinarudi kwa watu wake, na mume anabaki na nyumba iliyo nyeupe, isiyo na kitu chake marehemu, ili aweze kuishi. Vitenge viligawiwa, viatu, sufuria, pete. Shangazi ni mtu mpole, anasema taratibu.

"Mukwe wangu," aliniambia, "vitu vya mufu havilale mu nyumba ya mutu anaishi. Vitakushika."

Simu ilikuwa fungu lake yeye shangazi. Aliponyoosha mkono kuichukua mkekani, ikalia. Nikaipokea. Alikuwa mteja ambaye hakuwa na habari. "Mama, picha yangu iko tayari?" Nilikata. Wazee wote walikuwa wananitazama.

Shangazi akauliza, "Na hii numero? Watu watamuita mupaka lini?"

Nikatoa kadi ndani ya simu. Nikachukua mkasi wangu wa kukatia picha za vitambulisho, nikaikata vipande viwili mbele yao. Hakuna aliyenilazimisha. Nilichokuwa nataka ni ile simu isilie tena na mtu asimuulizie tena, na kwa siku kadhaa nilijiona nimefanya jambo la kiume. Mganga hajigangi: mimi ndiye ninayewaambia wateja kila siku, "Usitupe namba yako hata ukigombana na dunia nzima," na mimi ndiye niliyeikata.

Kompyuta ya duka ilikuwa imekwisha kuingia kwenye akaunti, kwa hiyo kazi iliendelea na sikuona tofauti. Folda ya Nyumbani niliiona kila asubuhi kwenye orodha. Sikuifungua. Nilijiambia nitaifungua moyo ukipoa, na moyo ulikataa kupoa. Ukapita mwaka, ukaingia wa pili.

Kisha binti yangu akaanza shule. Siku moja alirudi, akakaa kwenye benchi la wateja akining'iniza miguu, akaniuliza, "Baba, mama alikuwa anasema namna gani?"

Nilidhani anauliza maneno. Nikaanza kumweleza mama yake alivyokuwa anapenda kusema hili na lile. Akatikisa kichwa. "Hapana. Sauti yake. Miye nimesahau."

Nilikwenda nikaketi naye kwenye benchi. Nikamwambia sauti ya mama iko, haikupotea, mama mwenyewe aliiweka juu. Nikamwahidi kwamba siku ya Idi, akishavaa nguo mpya, tutakaa wawili na atamsikia. Kuanzia siku ile aliwaambia watoto wote wa mtaa kwamba mama yake atasema siku ya Idi. Wengine walimcheka, hakujali.

Siku kumi kabla ya Idi radi ilipiga mtaani kwetu na kompyuta ikaungua. Majirani walikuja kunipa pole. Niliwaambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, vitu vyote viko juu. Nilisema hivyo kwa kiburi kidogo, nikimkumbuka yule mwalimu. Nikapata kompyuta ndogo ya kubeba, iliyotumika, imeletwa kutoka Bukavu. Nikaketi, nikaandika jina la akaunti, nikaandika neno la siri, likakubali. Kisha yakatokea maandishi kwamba kifaa hiki ni kigeni na namba ya kufungulia imetumwa kwenye simu. Walionyesha tarakimu mbili za mwisho tu za ile simu. Nilizitazama zile tarakimu mbili mpaka kioo kikazimika chenyewe.

Idi ilifika. Nilimwambia mtoto mashine inaumwa. Alikubali, kwa sababu mashine zangu huumwa mara nyingi.

Wakala wa simu aliniambia namba ikikaa kimya miezi mingi huuzwa upya kwa mtu mwingine. Nikaipiga. Ikaita, na nilipoisikia ikiita, Mungu anisamehe, kwa muda mfupi nilisubiri anipokee yeye. Akapokea mwanamke mwingine. Nilimweleza kwamba numero ile ilikuwa ya marehemu mke wangu, kwamba kutafika maandishi yenye tarakimu sita, kwamba naomba anisomee tu.

"Papa, miye siko mutoto," alijibu. "Watu wa kuomba kode ku simu tunawajua. Walimumalizaka ndugu yangu hivyo."

Akakata. Nilitukana hewa. Kisha nikainua macho nikaona tangazo nililolibandika mimi mwenyewe ukutani, kwamba usimpe mtu yeyote namba yako ya siri. Mwanamke yule alikuwa amefanya kile ninachowafundisha watu. Nikapiga tena siku ya pili, na ya tatu. Mara ya tatu akasema, "Niko Salamabila, nauzisha maharagi karibu na parkingi ya pikipiki. Kama uko mutu wa kweli, kuya tuonane macho kwa macho."

Nilimwacha mtoto kwa dada yangu, nikafunga kompyuta ndani ya mifuko ya nailoni mitatu, nikapanda pikipiki. Njia hiyo kila mtu anaijua: unasukuma kuliko unavyopanda. Nilipita Kabambare kwanza, kwa shangazi, nikiwa na tumaini kwamba labda ndani ya ile simu kulibaki kitu. Alinitolea kiti, akanipa maji, ndipo nikauliza.

"Ile telefone ilianguka mu maji zamani," alisema. "Iko na nini?"

Nilipomweleza, alikaa chini polepole. Alikunja na kukunjua ncha ya kitenge chake. Kisha akasema, "Nilizani nakutunza, mukwe."

Nilikuwa nimekwenda na hasira yangu imepangwa vizuri, maneno yote tayari. Hayakutoka. Mkasi ulikuwa wangu na mkono ulikuwa wangu. Majuto ni mjukuu, na wangu alikuwa amekwisha kukua. Nililala pale, asubuhi nikaendelea.

Kule Salamabila, yule mama wa maharagwe sikumtafuta sana. Ni mtu mnene wa umri wa dada yangu, alifuata dhahabu na mumewe kutoka upande wa Fizi, mume akaondoka, yeye akabaki na gunia lake. Alinitazama kuanzia viatu. Nilimwonyesha picha ya harusi yetu, ya karatasi, ile moja iliyobaki ukutani kwetu. Akaishika muda mrefu.

"Ndiye huyu?" alisema. "Watu wa Kasongo wananiulizaka yeye kila juma. Wanasema, ‘Mama wa picha yuko?’ Kwanza nilikuwa nakasirika. Kisha nikazoea. Kuna mama mumoja wa Nyangwe, siku hizi anapigaka tu kunisalimia."

Nilishindwa kujizuia, nikalia pale parkingini mbele ya madereva. Yeye akageuka akaendelea kupima maharagwe mpaka nikamaliza. Nitamshukuru kwa hilo siku zote.

Mtandao wa Salamabila unashika vizuri kwenye kilima nyuma ya soko. Alimwachia jirani gunia lake, tukapanda. Nikaunganisha kompyuta kwa simu yake, nikaomba namba ya kufungulia. Tulingoja. Simu ikatetemeka. Alivaa miwani, akasoma tarakimu moja moja kwa sauti kubwa, kama mwalimu wa darasa la kwanza, nami nikaandika. Mlango ukafunguka.

Vyote vilikuwapo. Vyeti vya watoto waliokwisha kuwa walimu. Hati ya shamba la yule mzee, ambaye aliniletea tena karatasi yake bila kinyongo. Daftari la akina mama wa Nyangwe, picha za harusi, barua za maombi ya kazi, karatasi za mawese. Mama wa maharagwe aliinama juu ya bega langu akafurahi kwa niaba yangu. "Ona, viko. Juu iko mutunzaji muzuri."

Nikafungua Nyumbani. Ilikuwa tupu.

Nilidhani ni mtandao. Nikafunga, nikafungua, nikahamia jiwe la juu zaidi, nikafungua tena. Nikatazama mahali panapokaa vitu vilivyofutwa; navyo vilikuwa vimekwisha kuondolewa. Basi nikaenda kwenye orodha inayoandika kila kinachofanyika ndani ya akaunti, nani na siku gani. Nikashuka mpaka nikafika. Vitu vya folda ya Nyumbani vilifutwa vyote kwa mkupuo mmoja, kutoka simu ya mke wangu, wiki tatu kabla hajafa.

Hapa lazima niseme jambo ambalo nimeliruka makusudi tangu mwanzo. Wiki ile tulipata ujumbe kwamba nafasi imejaa. Tulikuwa tunatumia nafasi ya bure. Kununua zaidi kulitaka kadi ya benki, na Kasongo nani ana kadi ya benki? Wanafunzi waliomaliza shule walikuwa wamejaa mlangoni na vyeti vyao, joto kali, jenereta inakohoa. Mke wangu aliniuliza tuondoe nini. Mimi, bila hata kugeuka, nilimpigia kelele mbele ya wateja, "Ondoa vyote visivyo vya kazi."

Alisema, "Sawa." Nilikuwa nafikiria nakala za zamani, matangazo, takataka. Sikumwambia. Yeye akapita folda moja baada ya nyingine akipima. Cheti cha mtoto wa watu ni kazi, karatasi ya mwenye mchele ni kazi. Alipofika kwenye sauti yake mwenyewe aliona si kazi. Bila shaka aliona pia kwamba hakuna hasara, mtoto yuko hapa na mdomo anao, atamwimbia tena jioni. Alikuwa na miaka ishirini na tisa.

"Papa, umepata?" mama wa maharagwe akauliza.

"Nimepata vya watu," nilimjibu.

Alielewa. Alinishika mkono tuliposhuka, kwa sababu nilikuwa sioni njia vizuri.

Wateja walifurahi niliporudi, na wana haki. Siku hizi kila mteja ana akaunti yake, namba mbili za watu wawili tofauti, na nakala kwenye flashi ndani ya sanduku la chuma. Karibu na soko kumefungwa sahani mpya ya setilaiti, mtandao unakwenda kasi, na vijana wanaiambia mitambo kwa mdomo nayo inawaandikia barua. Wenye mchele wa Kabambare wanasoma karatasi moja na wenzao wa mbali, kama mwalimu alivyosema. Kazi ya kesho iko huko, sibishi tena. Ninachokataa ni kuondoa kitu cha mtu. Ujumbe wa nafasi kujaa ukija namwita mwenyewe aje achague, hata kama yuko machimboni, na kazi inangoja.

Lakini ile siku niliporudi kutoka Salamabila, mchana, vumbi mpaka kwenye meno, binti yangu alinikuta mlangoni kwa dada yangu kabla sijashuka kwenye pikipiki. Aliutazama mfuko wa kompyuta.

"Umemuleta mama?"

Nilikuwa nimetunga uongo wa namna tatu njiani. Nilipomwona sikuweza kuusema hata mmoja. Nilichuchumaa nikamwambia sauti ya mama haiko tena, ilifutika, na kosa ni la baba. Hakulia. Alifikiri, akikwaruza ardhi kwa kidole cha mguu.

"Basi weye useme," aliniambia. "Weye ulimusikia siku nyingi. Sema kama yeye, miye nisikie."

Nikafunga macho. Maneno nilikuwa nayo yote, yale aliyokuwa anamwamshia kila asubuhi, amka mama mdogo, kuku wamekutangulia. Nikayasema. Ikatoka sauti yangu, nzito, ya mwanamume aliyechoka. Nikajaribu kuilainisha. Nikajaribu kuipandisha. Mtoto alicheka kidogo, kisha akaacha.

"Ilikuwa hivyo?"

Nilijaribu mara ya nne, na ya tano, nikiitafuta sauti yake kichwani mwangu ili niifuate. Nikaona haiko.